Sauti Yetu Tuilishe Wenyewe



Hatuandiki kwa kumtukana mgeni. Mtu akituletea dawa, unga ao vitabu vya watoto, tunamshukuru na kumwombea. Paulo Mtakatifu aliomba mchango huko Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu, wala hakuona haya. Lakini Paulo huyohuyo, alipokuwa Korinto, alishona mahema asiwe mzigo kwa wale aliowahubiria. Mkate wa maskini aliuomba kwa wengine. Sauti yake aliilisha kwa mikono yake. Sisi tumegeuza mambo hayo: sauti yetu tumeiacha ilishwe na watu wa mbali.

Tazameni inchi yetu ya Kongo. Toka wakati wa vita, mataifa ya ng'ambo yametoa feza kwa redio zetu, kwa mafundisho ya raia, kwa vyama vya kutetea haki. Kazi njema imetendeka. Redio Okapi ilianza kusema tarehe 25 Februari 2002, kwa nguvu ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Inchi ilikuwa imekatwa vipande, nayo ikatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine, Kiswahili, Kilingala, Kichiluba na Kikongo. Nani atasema ilikuwa kazi mbaya?

Lakini tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi karatasi moja huko Washington, na misaada ikasimamishwa. Tarehe 1 Julai shirika la USAID likaacha kazi hiyo kabisa. Na mwisho wa Januari uleule, Goma ilianguka mikononi mwa M23. Siku zilezile ambazo watu walihitaji sana kujua lipi ni kweli na lipi ni uvumi, wengi waliolipwa toka kule waliambiwa waweke kalamu chini. Aliyetia sahihi hakuwa adui yetu. Hata hakutufikiria. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Tena kuna ubaya uliomo ndani yetu. Chama kinazaliwa siku feza inapotangazwa, kinakufa siku inapokwisha. Kijana akiitwa kwenye mkutano, anauliza kwanza posho. Viongozi wanaandika hesabu kwa Kifaransa kizuri na kuipeleka Ulaya, lakini watu wa kijiji, wenye kutajwa ndani yake, hawajasomewa hata mstari mmoja. Chama cha namna hii kinamtetea nani?

Mtasema: «Sisi ni maskini.» Ni kweli. Lakini katika miaka ya 1990, serikali ya Zaïre iliposhindwa kulipa walimu, nani alizishika shule? Wazazi. Mzigo ule ulizidi nguvu, watoto wengi wa maskini wakafukuzwa. Hatutaki kuurudia, na tunafurahi kwamba shule za msingi za serikali, pamoja na zetu za Kikatoliki, zilitangazwa bure mwaka 2019. Benki ya Dunia nayo ilikubali mwaka 2020 kusaidia masomo kwa dola milioni 800. Lakini waliobeba shule nzima wanashindwaje kubeba redio moja ndogo ya parokia?

Basi tunasema hivi. Mgeni akileta mashine, tuipokee. Lakini mafuta ya mashine, na chakula cha yule anayesema ndani yake, vitoke katika jumuiya zetu, kila mwezi, hata kidogo. Hesabu isomwe mbele ya watu wote, baada ya Misa, kwa lugha yao. Na chama kisichoweza kukutana chini ya mwembe bila posho, tusikiite chama.

Yezu aliwaona matajiri wakitia feza nyingi hekaluni, akamsifu mjane wa senti mbili. Senti hizo tunazo. Tuanze kuzitoa Dominika hii.