Yaya Wangu Aliandikwa Kuzeni

Tangu ijulikane darasani kwetu kwamba nakwenda kwa mwanasaikolojia, wenzangu watatu wamenivuta pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lao ni moja: kule mnafanya nini? Hakuna aliyeuliza mbele ya watu. Mmoja alidai anauliza kwa ajili ya dada yake. Nawajibu hapa wote pamoja, na dada yake pia, kisha nitasema jambo ambalo nadhani linakihusu kitivo chetu.

Kwanza yale ya kawaida. Unapiga simu na kuuliza bei kabla ya kwenda, maana mwanasaikolojia wa binafsi unamlipa mwenyewe, na bei anaweza kuitaja kwa dola hata kama utalipa kwa franka. Chumbani kuna viti. Kile kitanda cha kwenye filamu mimi sijakiona. Kikao kinachukua dakika 45 au saa moja, mara nyingi kila juma. Mwanasaikolojia si daktari, kwa hiyo haandiki dawa. Akiona unazihitaji, atakutuma kwa daktari wa magonjwa ya akili. Siku ya kwanza anauliza zaidi kuliko anavyosaidia: unalala vipi, unakula vipi, unakunywa pombe, nyumbani mko wangapi, nani amekufa. Atakuuliza pia, bila kuzunguka, kama umewahi kufikiria kujiua. Usishtuke. Ni swali la kazi yao, na kuulizwa hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Atakuambia kwamba utakayosema hayatoki mle chumbani, isipokuwa kama maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini. Asipokuambia, muulize. Hatakupa mashauri kama anavyotoa baba mdogo. Wakati mwingine ananyamaza tu, na kwa sisi tuliozoea kwamba mkubwa akinyamaza amekasirika, ukimya ule ni mgumu kuliko maswali. Utatoka umechoka. Mimi, niliyekwenda pale kwa sababu silali, siku ile nililala tangu alasiri hadi kesho yake.

Lile ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba yote yatafanyika kwa Kifaransa.

Hakuna aliyeniamuru. Niliingia, nikasema bonjour, akajibu, tukaendelea. Mwanafunzi wa chuo kikuu mbele ya mtu mwenye diploma: lugha ilijichagua yenyewe, kama inavyojichagua benki. Nasomea lugha za Kiafrika, nimeandika kazi nzima juu ya namna watu wa Lubumbashi wanavyogawa lugha kati ya ofisi na nyumba, na sikuona kitu.

Nilikwenda kwa sababu ya yaya. Kwa wasomaji wasio wa huku, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe mwanaume au mwanamke. Wangu alikuwa kreseri, akichimba kwa mikono upande wa Kolwezi, na udongo ulimwangukia shimoni. Alikuwa mtoto wa baba mkubwa. Tulilelewa nyumba moja, tukala sahani moja, na tangu nilipoingia chuoni ndiye aliyelipa minervali yangu, kwa fedha za mashimo yale yale. Mwanasaikolojia aliniuliza: frère? Nikasema ndiyo. Akauliza tena kwa adabu, maana fomu yake ilitaka kujua, kama tulikuwa wa baba mmoja na mama mmoja. Nikasema hapana, ni mtoto wa kaka yake baba. Akaandika: cousin. Nikaitikia kwa kichwa.

Vikao vitatu vikapita. Kuzeni akifa unapewa pole na mambo yanaendelea, kwa hiyo nasi tuliendelea. Tulizungumza mitihani, usingizi, fedha, na kazi yangu ya mwisho wa masomo iliyokwama sura ya pili. Simlaumu mama yule. Alisoma faili, na faili ilisema kuzeni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia ajali ile kwa Kifaransa kilichonyooka, kila kitenzi katika wakati wake, kama msomaji wa habari redioni. Akaniambia naeleza vizuri. Nilifurahi, kama mtu aliyepewa alama!

Na walimu wetu walishatufundisha haya. Mtoto wa ndugu ya baba ni ndugu yako. Mtoto wa shangazi ana jina jingine na mahali pengine. Kifaransa kinawatia wote kapu moja. Mtihani ule niliufaulu. (Neno binamu nalikuta katika vitabu vya Kiswahili sanifu. Nyumbani kwetu Katuba sijalisikia hata siku moja.)

Katika kikao cha nne aliniuliza juma lilikwendaje. Nikajibu: j'ai beaucoup de pensées. Akataka kujua ni zipi. Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa na wazo lolote. Nilikuwa na mawazo. Wazo moja ni kitu cha akili, unaweza kulieleza na hata kujivunia. Lakini mtu wa hapa akisema "niko na mawazo", ametaja mzigo, wala hakuna anayemwambia aorodheshe. Nikamweleza hivyo, nikaanza kucheka, maana ulikuwa mfano wa darasani kabisa: umoja na wingi wa neno moja, maana mbili. Yeye hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha mjini: "Ule mwenye alikufa, weye ulikuwa unamwitaka nani?"

Nikasema: "Yaya." Sikuweza kuongeza neno mpaka saa ikaisha.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani nasema Kifaransa kitupwe nje ya chumba kile. Kilinisaidia pia, tena palepale nilipokihitaji. Jumapili ya mwisho yaya alinipigia simu na sikuipokea, kwa sababu nilijua atauliza masomo yanaendeleaje na sikuwa nimesoma. Jambo hilo nililisema kwanza kwa Kifaransa, majuma baadaye. Kwa Kiswahili lilikuwa halitoki. Tangu tulipohamia Kiswahili nilikuwa nikimwita mwanasaikolojia Mama, kama inavyopasa kwa mtu wa umri wake, naye akawa anasema nami kama mama. Kuna mambo mtoto hamwambii mama. Kifaransa, kwa vous yake na kwa baridi yake, kilitupa umbali wa kutosha niliseme. Baadaye tukakubaliana nimwite Madamu hata tukiongea Kiswahili, na mpaka leo tunachanganya. Maneno ya heshima si mapambo. Yanaamua nini kitasemwa na nini kitabaki tumboni.

Kwa hiyo nawaambia wale watatu: mkifika siku ya kwanza, ulizeni anajua lugha zipi na kama mnaweza kuzichanganya. Wapo watakaokubali mara moja. Wapo wasiojua Kiswahili vizuri, na hilo si kosa lao, lakini ni heri ulijue mapema kuliko kulijua kikao cha nne, wakati umeshalipa vitatu. Ukiulizwa habari za jamaa zako, taja neno la nyumbani kwanza, kisha ulieleze. Usimfanyie mwenzako tafsiri kabla hajaiomba. Na ukiona hamwelewani, kubadili mwanasaikolojia si tusi, hata kama kwetu kumwacha mtu mzima uliyemfungulia moyo kunafanana na tusi.

Sasa kwenu, walimu na wenzangu wa kitivo.

Frantz Fanon alifika katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria, mwaka 1953. Hakujua Kiarabu, akategemea wakalimani. Mwaka 1954, pamoja na mwenzake Jacques Azoulay, aliandika waziwazi jinsi walivyoshindwa: mbinu zilizofaa katika wodi ya wanawake wa Kizungu hazikushika katika wodi ya wanaume Waislamu, na lugha ilikuwa sehemu ya sababu. Sisi tunamsoma Fanon kwa ajili ya siasa, tukiyaruka makala yale yanayotuhusu zaidi kwa kazi yetu.

Nchini Zimbabwe kuna waliokwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda na wenzake walianza kuwafundisha wanawake wazee wa Mbare, mjini Harare, kuketi kwenye benchi na watu wenye taabu ya moyo na kuzungumza nao. Hawawaulizi watu kama wana depresheni. Wana dodoso la Kishona lililojengwa kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe, na katikati yake kuna neno kufungisisa. Mzizi -fung- kwa Kishona ni kufikiri (msifikirie mlango), na kiambishi -isis- kinazidisha: kufikiri kupita kiasi. Kwa hiyo kinyambuo kimoja cha kitenzi, kitu tunachokifanyia mazoezi hapa tangu mwaka wa kwanza, kimekuwa chombo cha tiba, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la madaktari, JAMA, mwaka 2016.

Hapa kwetu nani amekusanya maneno hayo? Kamusi za sanifu zinatupa sonona. Nikimwambia mama yangu nina sonona, ataniuliza inapikwaje. Lakini mama huyohuyo ana maneno yake: moyo inakatika, roho haitulie, kichwa imejaa, mwili imekufa. Kila moja lina mahali pake na wakati wake, na nina hakika hayalingani. Roho ikiuma si sawa na moyo ukiuma. Ukimtafsiria daktari kwamba moyo unauma, atapima presha. Goma wamekipa kituo chao cha magonjwa ya akili jina la Tulizo Letu, jina zuri, lakini jina la mlangoni haliwezi kufanya kazi yote ya ndani.

Najua nitakavyojibiwa, maana mwalimu mmoja alishanijibu korido: Kiswahili cha Lubumbashi hakina maandishi thabiti, na wanaokwenda kwa wanasaikolojia wa binafsi ni wasomi wanaojua Kifaransa. La pili ni kweli kwa leo, na mimi ni mmoja wao. Nilijua Kifaransa, na ndiyo sababu vikao vitatu vilipotea. La kwanza ni sababu ya kwenda kukusanya. Wanafunzi wa saikolojia wanafundishwa kwa Kifaransa katika chuo hikihiki, kisha wanatumwa Kenya, Rwashi na Kamalondo kusikiliza watu wanaolia kwa Kiswahili. Kila mwaka sisi tunaandika kazi za mwisho juu ya vinyambuo vya kitenzi, tukitumia mifano ya mtoto aliyekula ugali. Mifano ingeweza kutoka kwingine. Somo moja la pamoja kati ya vitivo viwili, hata la saa 30, halihitaji jengo jipya.

Nimeanza daftari. Mpaka sasa lina maneno machache ya Katuba, mengine niliyapata kwa mama, mengine kwa wake za kreseri waliokuja matanga. Mwenzangu wa mwaka wa mwisho ambaye bado hajachagua mada, anitafute kabla mada hazijapelekwa kwa mkuu wa idara. Na yule mwenye dada, amwambie kwamba siku ya kwanza nitamsindikiza mpaka mlangoni akitaka.