Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa kwamba utalii ni dawa ya umaskini. Wapinzani walitucheka sana. "Wang'uru kuna utalii gani?" wakauliza. "Simba yuko wapi? Bahari iko wapi? Hapa ni mpunga na mbu tu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami niliyekuwa upande wa watetezi nikaketi bila jibu. Kumbe jibu nilikuwa nalo tangu mwaka jana, ila sikuwa nimelitambua.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za chakula cha mchana, shilingi 1,500. Wenzangu wa shule za kutwa wananielewa. Serikali hulipia masomo, lakini sufuria ya githeri ni ya mzazi. Basi mama akanipeleka shambani kufukuza ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kuingia maziwa, na huo ndio wakati ambapo kwelea hushuka kama wingu. Kuanzia alfajiri hadi jua kuzama unatembea juu ya matuta, unapiga kelele, unarusha matope kwa kombeo. Ukiketi kidogo tu, umekula hasara.

Siku ya tatu gari la watalii likasimama kando ya mtaro. Wakashuka wageni wanne wenye darubini shingoni, pamoja na kiongozi wao kutoka Nairobi. Yule kiongozi akaniita, "Kijana, korongo wako wapi leo?" Nikawapeleka. Nikawaonyesha yangeyange, kwarara, mdiria, na korongo waliokuwa wakitafuta vyura katika shamba la jirani lililojaa maji. Wageni walifurahi kama watoto wadogo. Waliporudi wakampiga mama picha, naye alikuwa akirusha matope peke yake, kwa maana saa hiyo nzima kwelea walikuwa wakila mpunga wetu. Kisha wakaingia garini wakaenda zao. Mimi nilipewa pakiti ya biskuti.

Mama akacheka. Akasema, "Picha yangu inaenda Ulaya, na mimi hata Mombasa sijafika." Yeye alicheka, lakini mimi sikucheka.

Ndugu wasomaji, hilo ndilo jibu langu kwa wapinzani. Utalii uko Wang'uru tayari. Kinachokosekana si watalii, bali ni mwenyeji kupata haki yake. Isitoshe, aliyejua ndege walipo hakuwa kiongozi wa Nairobi. Nilikuwa mimi, mfukuza ndege. Sisi tunaoshinda nao kutwa ndio tunaowajua: nani anakula mpunga na nani anakula konokono, nani yupo mwaka mzima na nani huja majira fulani tu.

Na si ndege pekee. Mitaro tunayoruka kila siku tukienda shuleni ina historia. Mradi wa Mwea ulianza katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na waliochimba ni mahabusu wa Mau Mau waliofungwa katika kambi za huku kwetu. Mgeni angelipa kusikia habari hiyo kutoka kwa mjukuu wao. Aidha, kuna ndege mmoja aliyepewa jina la Hinde, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Yumo katika hifadhi ya Mwea na kule Mukurweini, Nyeri. Watu hupanda eropleni kuja kumtazama, na sisi tunapita chini ya mti wake tukitafuta kuni!

Je, jambo hili linawezekana? Tazama upande wa pili wa mlima, kule Laikipia. Mwaka 1996 Wamaasai wa Il Ngwesi walifungua hoteli ya jamii katika ardhi yao wenyewe. Walisaidiwa na wafadhili, naam, lakini hoteli ni yao. Wageni wanapolipa, mapato hurudi nyumbani na kusaidia mambo kama karo na matibabu. Sasa linganisha na Mlima Kenya wenyewe. Umekuwa mbuga ya taifa tangu 1949, na mwaka 1997 ukawekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ada ya langoni huenda kwa shirika la serikali la wanyamapori, na wengi wa vijana wa vijiji vya chini hupata kubeba mizigo tu. Kubeba mizigo ni kazi halali, siidharau. Lakini kuwa mbeba mizigo na kuwa mwenye nyumba ni mambo mawili tofauti.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema ndege ni adui wa mkulima. Ni kweli kwelea ni adui, na sisemi aachwe atumalizie chakula. Lakini tuangalie silaha tunayotumia. Mwaka 2023 kwelea walipovamia mpunga wa Kisumu, walinyunyiziwa dawa iitwayo fenthion, nayo haichagui ndege wa kuua. Wapo korongo ambao chakula chao kikubwa ni konokono, na wale konokono waharibifu waliogunduliwa Mwea mwaka 2020 wanakula miche yetu. Kumuua korongo ni kumfukuza kibarua asiyedai mshahara.

Wengine watasema utalii hauna uhakika. Hapo nakubali. Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulipofika Kenya, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na waliotegemea watalii peke yao wakalala njaa. Ndiyo maana sisemi tutupe jembe. Mpunga uwe ndio wali, utalii uwe kitoweo.

Basi tufanye nini? Kwanza, vijana wa kila sehemu ya mradi, yaani Tebere, Thiba, Wamumu, Karaba na Mwea, waungane katika kikundi kilichosajiliwa. Kila gari linalosimama kutazama ndege lilipe ada moja inayojulikana, na risiti itolewe, ili pesa zisiishie mfukoni mwa mjanja mmoja. Pili, sehemu ya ada apewe mwenye shamba, maana ndiye anayepata hasara mgeni akitembea juu ya tuta lake. Tatu, mtu asipigwe picha kabla ya kuombwa ruhusa. Mama yangu si mnyama wa mbugani.

Na sisi wa Chama cha Kiswahili tusingoje serikali. Kila mmoja wetu amwulize nyanya au babu yake majina ya ndege wa mashambani, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, tuyaandike katika daftari moja. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji kalamu tu. Siku gari jingine litakaposimama kando ya mtaro, kijana wa Wang'uru awe na kitu mkononi, naye alipwe kama mwalimu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, piga picha, nenda. Mimi mwaka jana nilipona kwa biskuti, na shilingi 1,500 mama alizikopa kwa jirani.