Usimuuzie mtu oska kabla hajakutumia vipimo vya tanki

Wauzaji wenzangu wa samaki wa mapambo, hasa tulioko Karatu, hili nalisema hata kama kuna watakaonuna. Kuposti oska wa sentimita 5, "bei poa, tunakuletea hadi mlangoni", bila kumuuliza mteja ana tanki la ukubwa gani, kunatuharibia soko. Mji wenyewe mdogo huu. Mteja mmoja akiuziwa vibaya, wiki hiyo hiyo stendi nzima wanajua.

Oska ni mla nyama. Akiwa mdogo anapendeza, akikuona anakuja kiooni. Akilishwa vizuri, ndani ya mwaka mmoja anakaribia sentimita 25, kisha anafika 30 na zaidi. Sasa chukua lile tanki dogo la 60 kwa 30 kwa 30. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 54. Upana sentimita 30, samaki sentimita 30. Atageukaje? Na wale samaki wadogo aliowakuta humo ameshawameza zamani.

Halafu kuna ule uongo wa dukani kwamba samaki hukua kulingana na tanki. Hapana jamani. Kinachomdumaza ni uchafu wake mwenyewe kwenye maji machache, na anakufa mapema. Mteja atakuja kukulaumu wewe, na ana haki.

Kipimo changu: upana wa tanki usiwe chini ya urefu wa samaki akishakuwa mkubwa, na urefu wa tanki uwe mara nne ya samaki. Oska mmoja basi anataka kama 120 kwa 45 kwa 45, lita 243. Maji peke yake ni kilo 243, kwa hiyo mwambie asilipandishe juu ya kabati la TV. Na baridi yetu ya Juni hadi Agosti inataka hita, maana oska anahitaji nyuzi 24 hadi 28. Wateja wa juu kule Ngorongoro ndio usiwafiche kabisa.

Kambale? Anapita mita moja. Kuna hata wanaoulizia sangara, yule aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 akawafyeka furu. Anaweza kufika mita 2! Huyo muache ziwani.

Mwenye tanki la lita 54 usimfukuze. Muuzie wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, hawazidi sana sentimita 5 na ni wakorofi, wanachimba mchanga siku nzima. Mwenye tanki kubwa kweli, zaidi ya lita 400, na maji ya kisima yanayokataa povu la sabuni, mtajie frontosa wa ziwa hilo hilo.

Mimi pia huwaambia wateja: samaki akikushinda mrudishe kwangu, nitampokea. Afadhali nihangaike naye mimi kuliko amwagwe mtoni au bwawani, na sisi hapa tuko mlangoni mwa hifadhi.

Ujumbe ninaotuma ni huu, nakilini mkitaka: "Karibu sana. Kabla ya bei, naomba urefu, upana na kimo cha tanki lako kwa sentimita, na picha yake. Humo ndani wapo samaki gani sasa hivi?"