Pongo Naye Ana Kitanda Chake



Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini akiwa na furaha kubwa. Alisema amemaliza kusafisha ukingo wa mto katika sehemu yake, vichaka vyote amevifyeka, na chini ya miti pamekuwa peupe kama uwanja wa shule. Alitaka Bwana Shamba aende kumtazamia kazi hiyo. Mimi ni karani tu, lakini nilisomea ualimu, na ugonjwa wa kuuliza maswali haujanitoka. Nikamwuliza, "Mzee, na pongo atalala wapi?" Akacheka sana, akanijibu ya kwamba yeye hakupewa shamba ili afuge pongo.

Jibu hilo si la mpumbavu. Wengi wetu twafikiri hivyo hivyo, kwa hiyo yafaa tulizungumze.

Mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa katika miaka ya 1960, mabonde mengi yalikuwa na vichaka vizito. Kila mtu akafyeka sehemu yake, na leo pongo, ambaye wengine humwita mbawala, amebakiwa na utepe mwembamba kando ya mito. Hata utepe huo haukuachwa kwa wema wetu. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliupima kuwa mita 6 mpaka 30 kila upande, kwa kufuata upana wa mto, zikakataza kulima humo na kufyeka mimea ya asili. Mzee wetu alidhani anafanya usafi, kumbe alikuwa akijitafutia mashtaka.

Wako wanaosema, "Mimi miti ninayo, nimetimiza wajibu." Lakini mti si maficho. Pongo hakai juu ya mti. Mchana hujilaza penye giza la majani, na jioni ndipo hutoka kutafuta chakula. Mama humficha mtoto wake kichakani, akaenda malishoni na kurudi kumnyonyesha. Hata mavi ya mtoto huyala ili chui asisikie harufu. Mnyama mwenye uangalifu kama huo hawezi kuzaa chini ya mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, ambapo hata kuku huonekana toka upande wa pili.

Jaribu jambo hili. Mwambie mtoto wako asimame ndani ya miti na kitambaa cheupe, akishike usawa wa goti. Wewe chuchumaa hatua ishirini mbali naye. Ukikiona kitambaa chote, hapo hapana kitanda cha pongo, ijapokuwa juu miti imefunga kabisa.

Kupatengeneza hakuhitaji fedha, na hapana haja ya kukata mti wowote. Kazi kubwa ni kuacha. Mti ulioanguka kwa upepo uache pale pale, na matawi yake yote. Ng'ombe na mbuzi wazuie wasiingie, maana wao ndio wanaomaliza miche ya chini. Kuni zichukue pembeni, usizoe kila kijiti. Palipo wazi kabisa panda vichaka vya asili vya hapo hapo kwenu, na lantana usiitie kamwe; huenea upesi mno na ni sumu kwa ng'ombe. Mbwa wafunge, kwani kichaka chenye mbwa kila siku ni kama nyumba isiyo na mlango. Tena ongea na jirani. Kichaka cha mtu mmoja ni kidogo, lakini sehemu nne zikishikana ukingoni, mnyama anapata njia ya kupita bila kuonekana.

Sasa nije kwenye malalamiko, na sitawadanganya. Pongo hula maharagwe machanga na mboga. Mimi mwenyewe nimeamka na kukuta misumari tu ya sukuma wiki. Kwa hiyo usipande mboga karibu na kichaka. Weka majani ya napier katikati, na mboga ziwe karibu na nyumba, nyuma ya ua wa kayaba. Kina mama nao husema kichaka huficha chui. Ni kweli, chui hupenda vichaka, na kwa sababu hiyo sisemi mfuge msitu mlangoni. Karibu na nyumba na njia ya kuteka maji, safisheni. Na kupe wapo, basi ratiba ya kuogesha ng'ombe isivunjwe.

Lakini mitego ya waya siiungi mkono hata kidogo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 ina faini na kifungo. Tena dume la pongo lililojeruhiwa si la kuchezea. Humgeukia mtu kwa pembe.

Juzi nilipita kwa yule mzee. Marundo ya matawi aliyoyafyeka yalikuwa bado hayajachomwa, yamekauka vizuri, na mkewe alikwisha kuyahesabu kuwa kuni za miezi mitatu. Niliwaomba wachukue nusu, nusu nyingine waitandaze tena chini ya miti, na ng'ombe wasikanyage hapo mpaka mvua ndefu zipite. Mama alikubali upesi kuliko nilivyotazamia. Mzee alisema atafikiri.