Hajafulia, Tumemfulisha

Kibanda chenyewe ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote. Kipo hapa Kifanya, karibu na yanaposimama magari ya kwenda Njombe mjini: meza, kompyuta mbili zilizochoka, spika moja inayokoroma, na karatasi ukutani inayosema nyimbo 100 kwa shilingi 500, njoo na flashi yako. Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilikuwa nimejibanza pale kukinga baridi, na baridi ya Kifanya mwezi wa saba haihitaji kusimuliwa kwa aliyewahi kuionja. Spika ikapiga "Chambua Kama Karanga" ya Saida Karoli. Bibi mmoja mwenye beseni la viazi akaanza kutikisa mabega palepale aliposimama. Kijana wa kibanda akacheka, akasema, "Huyu mama alivuma kweli, ila sasa amefulia."

Amefulia! Nimekaa na neno hilo wiki nzima, bado linaniwasha. Maana kijana huyo, wakati ulimi wake unamfilisi mama wa watu, mkono wake ulikuwa unamhamishia mteja nyimbo za mama huyohuyo kwenye memori kadi, na mia tano imeshatua mfukoni. Kwa hiyo nani amefulia, na nani amemfulisha mwenziwe?

Sisi Njombe ni watu wa miti. Hapa mtu anapanda msindano leo akijua atauvuna mtoto aliye mgongoni akiwa ameshamaliza sekondari. Hali matunda yake, hauzi majani yake, anapalilia, anapogolea, anachimba barabara ya moto kila kiangazi, anangoja. Akitokea mtu usiku na msumeno akaangusha hata mti mmoja, kijiji kizima kinaamka. Mtendaji anaitwa, mgambo wanaitwa, na jina la mwizi halisahauliki hata akihamia Makambako. Lakini mtu akiingia na kompyuta katika shamba la Saida Karoli, akaangusha miti yote mchana kweupe, tunampangia foleni na kumwita fundi.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Yaani wimbo una ulinzi mrefu kuliko msindano wowote uliosimama kati ya hapa na Songea. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, mirabaha ina jina na ina kanuni. Na mkusanya ushuru anapita kwenye vibanda vile, anachukua chake, anaandika risiti, anaondoka akipiga mluzi. Mluzi wa wimbo gani, nadhani umeshakisia.

Ila wizi huu una jinsia, na hapo ndipo wengi hawataki kufika. Mwanamume akikaa jukwaani miaka thelathini anaitwa gwiji. Mwanamke akikaa kumi tu, anaulizwa mume yuko wapi, watoto wangapi, na kwa nini amenenepa. Akinyamaza miaka miwili amechuja. Akinyamaza mitano tunamzika kabisa: Saida Karoli alivumishiwa kifo akiwa hai. Mwaka 2016 Diamond Platnumz alipoutoa "Salome" uliotokana na wimbo wa Saida, ndipo watu wakashtuka kwamba kumbe mwenye sauti yupo na anapumua. Hebu fikiri, unahitaji kijana maarufu akufufue kwa wimbo wako mwenyewe.

Tena si jambo la jana. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akaifanya sauti ya mwanamke wa Kiswahili isikike ndani ya boksi la mbao katika nyumba ambazo yeye mwenyewe asingekaribishwa sebuleni. Yeye alikuwa na bahati moja kubwa: Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Ungeniambia nikutajie mwimbaji mwingine wa kike wa enzi zile ambaye maisha yake yameandikwa hivyo kwa Kiswahili, ningekohoa kidogo na kubadilisha mazungumzo.

Bi Kidude je? Huyo, jina lake halisi Fatuma binti Baraka, alipiga ngoma ya unyago na kuimba taarab mpaka miaka yake ikawapotea wanaohesabu. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX huko Newcastle, Uingereza. Mwaka 2006 ikatoka filamu juu ya maisha yake, ikiwa imeongozwa na Andy Jones, Mwingereza. Simlaumu Mwingereza, alifanya kazi yake. Nauliza kamera zetu zilikuwa wapi. Nitajibu mwenyewe: zilikuwa zinapiga harusi. Nishani ya Rais ilimfikia mwaka 2012, na Aprili 2013 akafa. Sisi ni mabingwa wa kuwahi msibani.

Ndiyo maana napenda kumtazama Mariam Ndagire wa Uganda, na nitakaa naye kidogo kwa sababu nadhani aligundua jambo ambalo sisi bado tunalizunguka. Amezaliwa 1971, akasomea muziki, ngoma na tamthilia Makerere. Akaigiza kwenye majukwaa ya Kampala, akaandika michezo, akaimba kwa Kiganda nyimbo ambazo wanawake wa huko walizifanya zao. Angeweza kuishia hapo, awe sauti nzuri kwenye flashi za watu, angoje kuitwa mtu aliyefulia. Badala yake akavuka upande wa pili wa kamera. Mwaka 2007 akatoa filamu ya "Down This Road I Walk", akaongeza "Hearts in Pieces" mwaka 2009 na "Where We Belong" mwaka 2011, kisha akafungua kituo cha kufundisha filamu na sanaa za maonyesho chenye jina lake mwenyewe mlangoni.

Wapo wanaoliita hilo tamaa ya sifa: mwimbaji huyohuyo, mwigizaji huyohuyo, mwongozaji huyohuyo, si angechagua moja? Mimi naliita kujihami. Mwimbaji anapangisha sauti yake. Mwigizaji anapangisha uso wake. Wa kwanza kulipwa ni prodyuza, wa pili msambazaji, halafu mwenye ukumbi, na mwenye sauti anapewa nauli na pongezi. Anayeamua hadithi ianze wapi, mwanamke aonekane analia au anafikiri, na mkataba uandikwe kwa jina la nani, ni yule aliyeshika kamera na kalamu. Ndagire alivishika vyote viwili, na amewafundisha wengine kuvishika. Sisemi Kampala ni peponi, wadurufu wapo hata huko. Lakini mwenye shamba lake, hata akiibiwa, ana hati ya kwenda nayo mahakamani.

Na sisi hatukukosa watu wa namna hiyo, tulikosa macho. Profesa Amandina Lihamba ameandika michezo ya kuigiza, "Hawala ya Fedha" ikiwamo, ameongoza jukwaani, amefundisha vizazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ndiye aliyeibeba filamu ya "Maangamizi" ya mwaka 2001, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Nilimwuliza yule kijana wa kibanda kama anayo. Alitafuta kwa heshima zote, akaniletea ya Kikorea iliyotafsiriwa, watu wanakatana mapanga.

Najua utetezi unaokuja: sisi wakulima, hela hatuna. Tusidanganyane. Msimu wa ulanzi hela ipo. Hela ya kuweka mkeka kila Jumamosi, timu saba za Ulaya ambazo hatujui hata ziko mji gani, ipo. Parachichi zikiuzwa, pikipiki mpya zinaingia Kifanya hadi usiku zinagombana kwa mwanga. Hela ya mwanamke aliyeimba siku ya harusi yako, akaimba tena kwenye redio siku uliyomzika mama yako, ndiyo isiyoonekana.

Mimi mwenyewe si msafi. Simu ninayoandikia makala hii ina nyimbo kama tisini, na nyingi ziliingia kwa njia ya kibanda kilekile. Nilipoanza kuzihesabu ili nijue nani ananidai, nilifika ya arobaini nikaona aibu, nikaacha. Wanawake walikuwa zaidi ya nusu.

Kwa hiyo siandiki hapa kuomba huruma kwa wasanii wa kike. Huruma wamepewa ya kutosha, na haijamlipia mtu kodi ya nyumba. Naomba mambo madogo. Kanisa linaporekodi kwaya, na kwaya zetu zinashikiliwa na sauti za akina mama, makubaliano ya mauzo yaandikwe na yasomwe mbele yao. Shule yenye binti anayejua kutunga imwonyeshe jinsi ya kuandika jina lake chini ya anachotunga kabla ya kumwonyesha jinsi ya kumwimbia mgeni rasmi. Na mkusanya ushuru, siku moja tu, kabla hajaandika risiti, aulize: nyimbo hizi unaziuza kwa ruhusa ya nani?

Jumamosi nimepita tena pale kibandani. Karatasi ukutani imebadilishwa. Sasa ni nyimbo 150 kwa shilingi 1,000, maana, kijana anasema, umeme umepanda. Nikamwomba anionyeshe orodha. Saida Karoli yumo, namba kumi na mbili, na katika ile elfu moja hana hata senti.