Usifungue Resori ya Gari kwa Waya

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo hatusemi habari ya kofia wala viatu vya kazini. Tunasema habari ya gari unayotengeneza uani siku ya yenga.

Aliyepanda kutoka Sake kupitia Mushaki hadi Masisi anaijua barabara ile: mashimo, mawe, na mvua ikinyesha, matope. Kuelekea Walikale, ndani ya msitu, taabu inazidi. Gari ndogo kama Corolla na RAV4 zilifanywa kwa njia laini kuliko hizo, nazo huanza kuumia kwenye amortiseri za mbele.

Katika gari hizo amortiseri ya mbele imesimama katikati ya resori. Chini imefungwa kwa boloni kwenye chuma kinachobeba gurudumu. Juu imefungwa kwenye bodi, na ukikata usukani nayo inazunguka. Mpango huo unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, fundi mkuu Mmarekani aliyeubuni katika miaka ya 1940. Resori hubeba uzito, amortiseri huizuia isirukeruke. Amortiseri ikifa, mpira unadunda, na mpira ulio hewani haushiki freni. Fikiri hayo ukiwa kwenye mteremko, na watu saba ndani ya gari ya watu watano.

Utaijua iliyokufa. Imelowa mafuta kwa nje, mpira unalika kwa mabonde-mabonde, gari inagonga ikipita shimo. Kandamiza pembe ya gari kwa mikono, kisha achia: ikipanda na kushuka tena na tena, imekwisha. Lakini isipodunda usifurahi haraka. Jaribio hilo hukamata tu ile iliyokufa kabisa.

Sasa neno lililonifanya niandike. Watu wanafunga resori kwa waya au kamba, wanafungua ile ekru ya katikati, juu kabisa, na kuomba Mungu. Tumezoea kumsifu fundi anayefanya kazi bila vyombo. Mimi simsifu. Kazini huwezi kufungua bomba la hewa lenye nguvu ndani yake. Unatoa hewa kwanza. Resori iliyobanwa ni vilevile, hata mota imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Waya ukikatika, chuma kinaruka usoni kabla hujafumba jicho. Kinavunja taya, kinaua.

Kuna na desturi ya kutoboa amortiseri iliyochoka, kutia mafuta, kisha kuziba tundu kwa kuchomelea. Nyingi zina gesi iliyobanwa ndani, na moto unaweza kuipasua mikononi mwako. Hata isipopasuka, mpira wa ndani uliochakaa unabaki umechakaa, na wiki chache baadaye mafuta yako chini tena.

Kama huna chombo cha kubana resori, usiguse ekru ya katikati. Weka gari juu ya vigingi imara, si juu ya kriki peke yake. Toa boloni za chini, ukifungua kwanza bomba la freni lililoshikizwa hapo, kisha zile ekru ndogo zinazoizunguka ya katikati. Amortiseri itatoka nzima pamoja na resori yake, nawe utaipeleka kwenye garaji yenye chombo. Huko wanaweka vibanio viwili vikielekeana, wanakaza kidogo huku, kidogo kule, na ekru haiguswi mpaka resori icheze yenyewe.

Badili mbili pamoja, kushoto na kuume, kisha omba magurudumu yanyooshwe. Ya okazio ni bei nafuu, lakini ipanguse na uitazame kama inavuja kabla ya kulipa.

Na watoto wanaopenda kuchuchumaa karibu na baba akitengeneza gari, siku hiyo wakae ndani ya nyumba.