Motere mpya, na freni je?

Ndugu mfanyakazi, una Land Cruiser FJ60 ya miaka ya 1980. Motere yake ya esanse, 2F, imechoka, nawe unataka kutia 2H ya mazutu. Wazo si baya: kiwanda chenyewe kilitia 2H katika HJ60, gari la umbo lile lile. Motere itaingia. Lakini kuingia si kufaa!

Motere ya esanse inavuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo ndio unaosaidia mguu wako kwenye freni. Motere ya mazutu haivuti hivyo. Inategemea pompi ndogo iliyofungwa pamoja na alternatere. Pompi ikikosekana, pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Utasimamaje mbele ya kamio la madini kwenye njia ya Likasi, bibi na watoto wakiwa ndani?

Kwa maoni yangu, usimalize kumlipa mekanisiye kabla ya jaribio hili. Motere ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano. Acha mguu hapo, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, mvuto upo. Isiposhuka, gari lisitoke garaji.

Mazutu itapunguza gharama. Freni itakurudisha nyumbani.